Farasi wa Plastiki, Mbuzi wa Mawe: Fani Mbele ya Jicho la Mfugaji

Katika mashindano ya farasi wa plastiki huko Marekani, meza ndefu hutandikwa kitambaa na juu yake husimamishwa farasi mmoja mmoja, kila mmoja na kadi yake ndogo yenye jina na aina ya kizazi chake. Mwamuzi hupita taratibu. Huinama akatazama goti, akatazama jicho, akachunguza kama rangi ya mguu imemwagikia kwato. Akimaliza huacha utepe kando ya mshindi, akasogea meza ya pili. Wenye farasi hao wengi ni watu wazima wenye kazi na familia zao, na uraibu wao ni wa siku nyingi: tangu miaka ya 1960, kabla ya kumbi na meza, walikuwa wakishindanisha picha za farasi wao kwa posta.

Mtu wa Oldonyiro akisimuliwa hayo atacheka, na ana haki ya kucheka. Akishamaliza, na akumbuke siku ya soko la mifugo. Mji wake huo mdogo, ulio magharibi mwa Kaunti ya Isiolo ukipakana na Samburu na Laikipia, unajulikana mbali kwa sababu ya soko hilo. Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Waborana huleta mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Wanunuzi huja na malori, na mbuzi wa huku kaskazini ndio wanaolisha machinjio ya Kiamaiko jijini Nairobi. Hapo sokoni nako macho hufanya kazi ileile. Mdomo hufunguliwa meno yakatazamwa, mgongo hubonyezwa, kiwele hupapaswa, mnyama hutembezwa hatua chache ijulikane kama anachechemea. Utepe hakuna. Aliyefaulu mtihani hulipwa bei, na aliyeshindwa hurudi nyumbani na mwenyewe.

Hoja ya makala haya ni moja: fani ya mnyama mdogo wa kutengenezwa, awe wa plastiki, wa mti, wa udongo au wa jiwe, hukomaa pale tu penye jicho linalojua kuamua. Jicho hilo likikosekana, hata mkono stadi huanza kurudia rudia. Nitasoma kwa karibu kazi za aina tatu: farasi wa plastiki wa wakusanyaji, punda milia wa mti anayeuzwa kwa wageni, na zizi la mawe la watoto wachungaji. Udongo nao nitaupitia, kwa sababu ndio uliosimama katikati. Kisha nitatoa uamuzi, na uamuzi huo hautafuata bei.

Farasi aliyetoka kwenye saa

Kampuni ya Breyer ilianzia Chicago, ikifinyanga vitu vya plastiki kwa oda za wengine. Mnamo 1950 ikatakiwa kutengeneza farasi wa kusimama kando ya saa ya mezani ya kampuni ya MasterCrafters, saa iliyouzwa katika maduka ya F. W. Woolworth. Kalibu ya farasi huyo ikabaki mikononi mwa Breyer. Watu wakaanza kumtaka farasi bila saa, naye akatoka kuuzwa peke yake kama namba 57, kwa jina la Western Horse.

Asili hiyo inasomeka mwilini mwake. Farasi wa namba 57 amesimama. Hana haraka wala safari, maana alikusudiwa kuwa pambo, na pambo likikimbia litaivuruga saa. Uzito wake umegawanyika sawasawa kama wa kiti. Kitu kimoja tu kinamtoa katika udugu na vyombo vya sebuleni: tandiko lake huvuliwa. Kwa mhakiki, tandiko hilo lina uzito kuliko misuli yote iliyochongwa kifuani, kwa kuwa linaupa mkono kazi. Anayeweza kuvua tandiko anaweza kulirudisha, na anayeweza kulirudisha ameshaanza kutunga kisa: farasi ametoka wapi, anakwenda wapi, nani anampanda. Pambo limegeuka kuwa mhusika.

Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 1988, mchongaji Chris Hess ndiye aliyechonga sehemu kubwa ya kalibu za kampuni hiyo. Kipimo kilichoenea kikawa 1:9, maana yake farasi mwenye kimo cha sentimita 160 begani hupunguzwa akawa wa sentimita 18 hivi. Plastiki yenyewe ni asetati ya selulosi. Huingizwa kwenye kalibu vipande viwili, kushoto na kulia, vipande hivyo vikaunganishwa, mshono ukasuguliwa kwa mkono, rangi ikapuliziwa. Kila farasi wa aina hii kwa hiyo ana siri katikati ya mgongo na tumbo, na mwamuzi huianza kazi yake hapo. Mshono ukionekana, mnyama anageuka kuwa kitu kilichotengenezwa. Ukipotea, macho hukubali kudanganywa. Uzuri wote wa plastiki umesimama juu ya kuficha namna ulivyopatikana.

Asetati ina udhaifu wake. Hugeuka manjano ikizeeka, na joto kali huipinda miguu. Farasi aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa juani anaweza kukutwa amekaa upande. Ukimweka kwenye dirisha la bati la duka la Oldonyiro mwezi wa Februari, sijui kama angemaliza juma akiwa amesimama wima.

Mashindano yenyewe yana sehemu mbili zinazotuhusu. Katika ya kwanza farasi husimama mtupu na kuamuliwa kwa mwili wake: je, shingo imeungana na bega inavyostahili, je, viungo vinaweza kweli kubeba uzito ule, je, rangi ni rangi ambayo kizazi hicho hupata? Sehemu hii huheshimiwa sana, lakini kifani ni nyembamba. Mnyama hapa ni nomino bila kitenzi. Kadiri anavyokamilika ndivyo anavyopoteza sababu ya kuwapo, na wakusanyaji wengi wanaishia kuogopa kumgusa, wakamweka kabatini asipate mkwaruzo.

Sehemu ya pili ina utajiri zaidi. Humo farasi huonyeshwa akiwa kazini, na lijamu, hatamu na tandiko vilivyoshonwa kwa kipimo chake, pengine na mwanasesere aliyempanda. Ugumu ni kwamba mwenye farasi hana uwezo wa kubadili mkao. Kalibu imekwisha kuamua: mguu huu umeinuliwa, sikio hili limelala nyuma, kichwa kimegeukia kushoto. Mshindani hujiuliza, ni tendo gani duniani linaloufanya mkao huu kuwa wa lazima? Farasi aliyeketisha uzito nyuma na kuelekeza macho chini anaweza kuwa anamzuia ndama asirudi kundini, kazi ambayo wachungaji wa ng'ombe wa Marekani huwafundisha farasi wao. Mshindani anaongeza ndama mmoja mbele, pahali panapostahili, na ghafla mguu uliokuwa wa ajabu unapata maana. Asipokuwa mwangalifu, hatamu zikilegea pale ambapo zingepaswa kukaza, mwamuzi atamshusha. Huu ni uhakiki unaofanywa kwa vitu badala ya maneno: mtu anaisoma sanamu, anaifasiri, na tafsiri yake inapimwa na mwingine anayejua farasi.

Hapo ndipo nguvu ya uraibu huu ilipo. Tangu 1990 wapenzi wake hukutana kila mwaka Lexington, Kentucky, katika tamasha la BreyerFest, na linafanyikia penye farasi wa kweli, katika bustani ya Kentucky Horse Park. Mtu anaweza kutoka kwenye meza ya plastiki akaenda uwanjani kutazama goti linavyokunja. Jicho la mwamuzi linanolewa na mnyama hai, na jicho lililonolewa likamlazimisha mchongaji aache uzembe.

Punda milia asiye na kwao

Farasi wa kweli ni nadra Oldonyiro. Wapo wanaopandwa katika baadhi ya mashamba makubwa ya jirani huko Laikipia, lakini ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, umekuwa kizuizi cha zamani cha ufugaji wao kusini mwa Sahara. Punda na punda milia huubeba ugonjwa huo bila madhara makubwa, farasi huangushwa nao. Kwa hiyo jamaa ya farasi katika nchi hii ni hasa hao wawili: punda anayebeba madebe ya maji, na punda milia wa Grevy anayejilisha bila mchungaji.

Punda milia wa Grevy, aliyepewa jina la Jules Grévy, rais wa Ufaransa, mwaka 1882, ndiye mnyamapori mkubwa kuliko wote wa jamii ya farasi. Wengi wa waliobaki duniani wako kaskazini mwa Kenya, na Isiolo ni mojawapo ya kaunti zao. Mtazame kama mhakiki anavyotazama kazi. Mistari yake ni myembamba na imekaribiana, wala haifungi mduara: ikifika tumboni hukoma, tumbo likabaki jeupe. Mgongoni umepita mstari mmoja mpana mweusi. Masikio ni makubwa na ya mviringo. Punda milia wa kawaida, yule wa Maasai Mara na Nairobi, ana mistari mipana inayozunguka hadi chini ya tumbo, na masikio madogo yaliyochongoka. Anayewajua hawa wawili hawachanganyi hata kwa mbali.

Sasa ingia duka lolote la vinyago vya watalii, kuanzia Nanyuki hadi pwani, ushike punda milia wa mti. Mara nyingi utamkuta na shingo nene, miguu mifupi ya kumzuia asianguke rafuni, na mistari iliyopakwa kwa mwendo uleule kutoka shingoni hadi mkiani, ikizunguka tumbo lote. Masikio ni vipembe viwili. Huyu si wa Grevy, na punda milia wa kawaida naye angemkana. Amebeba wazo la mistari, na wazo hilo limetosha kumuuza.

Ni rahisi kuulaumu mkono wa mchongaji, na ni makosa. Uchongaji wa biashara wa Wakamba ulianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukafika mbali: chama cha ushirika cha wachongaji cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, kimelisha familia nyingi. Katika mikono hiyo kuna ustadi ambao mchongaji yeyote wa kalibu angeutamani. Upungufu uko upande wa pili wa meza. Mnunuzi ni mgeni anayepita, mwenye dakika chache na nafasi ndogo katika sanduku. Hajui masikio yanapaswa kuwa ya namna gani, na hatarudi kulalamika. Mchongaji aliyetumia siku nzima kuutafuta mstari wa mgongoni angelipwa sawa na aliyeupuuza. Tunasema kizuri chajiuza, lakini msemo huo humdhania mnunuzi kuwa anakijua kizuri. Mbele ya asiyejua, kizuri na kibaya hujiuza kwa bei moja, na kibaya hutengenezwa haraka zaidi.

Linganisha na kinachotokea wakati wa sensa ya punda milia wa Grevy, ile iitwayo Great Grevy's Rally, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kurudiwa 2018. Washiriki waliingia porini na kamera wakiwa na sharti moja: piga picha ubavu wa kulia. Mistari ya kila mnyama ni ya peke yake, kama alama za vidole, na ubavu mmoja ukishachaguliwa kompyuta inaweza kulinganisha picha na picha isimhesabu mnyama yuleyule mara mbili. Sharti la ubavu wa kulia ni kanuni ya kifani kamili. Linafanana na desturi ya wale waliotuma picha za farasi wao kwa posta miaka ya 1960: mnyama apigwe kwa upande, mwili wote uonekane, kivuli kisile miguu. Katika picha hizo za sensa mstari una kazi ya kutaja mtu wake. Katika kinyago cha dukani mstari hautaji yeyote.

Zizi lisilofika hatua moja

Katika nchi ya wafugaji watoto huanza kuchunga mapema, kwanza wana-mbuzi karibu na manyatta, baadaye mbuzi wakubwa mbali zaidi. Na kabla ya kuchunga hucheza kuchunga. Mawe madogo huwa mifugo, vijiti na miiba huwa boma. Ni mchezo ulioenea kutoka Turkana hadi Umaasaini, na waandishi wengi wameutaja kwa mstari mmoja wakapita, kana kwamba mtoto ameokota jiwe kwa sababu hana pesa za kununua mwanasesere. Tusipite.

Chukua zizi moja la aina hiyo ulitazame kwa karibu. Mduara wa vitawi vya mgunga umechomekwa mchangani, upana wake haufiki hatua moja. Una mlango, na mlango una kitawi chake cha kufungia. Ndani kumegawanywa: kizizi kidogo cha wana-mbuzi kimetengwa na zizi la wakubwa, maana mwana-mbuzi akilala na mama yake atayamaliza maziwa kabla ya alfajiri. Mawe meupe, madogo, yamejazana upande mmoja. Mawe mazito ya kahawia yako mbali kidogo. Nje ya mlango pamelazwa jiwe refu lenye vijiti viwili vilivyoegemezwa ubavuni: punda aliyefungiwa miti ya nyumba, tayari kuhama.

Jiwe moja likitolewa humo na kuwekwa kwenye meza ya mwamuzi wa Kentucky halitapata alama hata moja. Halina shingo, goti wala jicho. Lirudishe zizini, upande wa wana-mbuzi, na halikosewi na yeyote aliyekulia huku. Maana yake haimo mwilini mwake. Imo katika mahali lilipowekwa na majirani zake. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya fani hii: mnyama husomwa kwa uhusiano. Jiwe la punda lingekuwa jiwe tu kama lisingekuwa nje ya mlango na lisingekuwa na vijiti ubavuni.

Kanuni ya pili ni ya kipimo. Farasi wa Breyer ni 1:9 kwa kimo. Mbuzi wa jiwe hana kipimo cha kimo hata kidogo. Mtoto hajishughulishi kujua jiwe ni dogo kuliko mbuzi mara ngapi. Kipimo chake kiko katika idadi: jiwe moja ni mbuzi mmoja. Mkusanyaji wa plastiki akiwa na farasi 50 ana vitu 50 vya kutazamwa kimoja kimoja. Mtoto mwenye mawe 50 ana kitu kimoja chenye viungo 50, na kiungo kimoja kikipotea anajua. Anajua kwa sababu mawe hayafanani. Wafugaji humtambua mnyama kwa rangi, kwa mabaka, kwa pembe na kwa alama ya sikio, kabla ya kuhesabu. Mtoto aliyechagua jiwe lenye doa kwa ajili ya mbuzi mwenye doa amefanya alichofanya mpiga picha wa ubavu wa kulia: ameiacha rangi iseme ni nani.

Kanuni ya tatu ni ya wakati. Sanamu ya plastiki ni dakika moja iliyogandishwa, na ndiyo maana mshindani hutaabika kuitafutia tendo. Zizi la mawe halina mkao, lina mwendo. Mlango hufunguliwa, kundi hutolewa, husukumwa kidogo kidogo kwa kijiti hadi kwenye shimo lililo mto, hunyweshwa, hurudishwa. Wana-mbuzi hufunguliwa wakanyonye, kisha hutengwa tena. Kazi hii husomwa tangu asubuhi hadi jioni, na haina picha moja inayoweza kuibeba yote. Ni tamthilia, na mawe ni wahusika.

Fani yenye mwendo inaweza kubeba jambo ambalo sanamu haiwezi: hasara. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulileta misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosa, na katika kaunti kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Farasi wa plastiki hafi. Huvunjika tu, na akivunjika hubandikwa gundi. Zizi la mawe linaweza kusimulia ukame bila kuongeza kitu chochote, kwa kupunguza tu. Mawe yakitolewa, nafasi iliyobaki ndani ya mduara uleule inasomeka na kila mtu. Waandishi wetu wa tamthilia hutumia kurasa nyingi kufikia athari ya namna hiyo.

Lakini je, mtoto anajua anachofanya? Swali hili huulizwa na wanaotaka kuuweka mchezo huu upande wa pili wa ua, mbali na sanaa. Jibu liko katika masahihisho. Penye kundi la watoto wanaocheza, kosa halipiti. Anayewalaza wana-mbuzi na mama zao ataambiwa. Anayefungua boma kabla ya wakati wake ataambiwa pia. Wanaomsahihisha wametoka kuchunga mbuzi wa kweli asubuhi hiyohiyo, na kesho wataulizwa na baba zao mbuzi fulani yuko wapi. Hakuna mwamuzi wa BreyerFest aliye mkali kuliko mtoto ambaye mwaka jana alipoteza mbuzi.

Ng'ombe wa udongo

Katikati ya plastiki na jiwe kuna udongo. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1940 kuhusu Wanuer wa Sudan Kusini, anaeleza watoto wanaocheza na mazizi ya mchanga na ng'ombe waliofinyangwa kwa tope na majivu. Ng'ombe wa namna hiyo kutoka bonde la Naili wamehifadhiwa katika makumbusho kadhaa, na fani yao inafundisha. Miguu mara nyingi si minne: miwili ya mbele imeunganishwa ikawa nguzo moja, na ya nyuma vilevile. Kichwa ni kidogo, karibu hakipo. Nundu, kinyume chake, imepandishwa ikawa mlima, na pembe zimerefushwa na kukunjwa kupita kiasi.

Anayeuita huo ukosefu wa ustadi hajaangalia vizuri. Mfinyanzi ametumia udongo wake pale penye thamani. Hata ng'ombe hai wa wafugaji wa kaskazini hufanyiwa hivyo: Waturkana, Wapokot na Wakaramoja huzielekeza pembe za maksai mpendwa tangu akiwa mdogo, zikakua katika mkunjo uliochaguliwa na mwenyewe. Mnyama mwenyewe tayari ni kazi ya sanaa, kwa hiyo sanamu yake inanakili nia ya mfugaji kabla ya kuunakili mwili wa ng'ombe. Miguu hakuna aliyeibuni, ndiyo maana imeachwa.

Udongo basi una sura kama plastiki na uteuzi kama jiwe. Ni mdogo wa maneno na mkubwa wa msisitizo. Kama ningelazimika kumpa mwanafunzi wa sanaa kazi moja ya kumfundisha maana ya kuteua, ningempa ng'ombe huyo wa nguzo mbili, nikamwambia ajaribu kumwongezea kichwa bila kumharibu.

Uamuzi

Nikiziweka kazi hizi katika mstari mmoja, zizi la mawe linashika nafasi ya kwanza. Limefanya mengi kwa vitu vichache, limebeba mwendo na wakati, na limepita mbele ya waamuzi wanaojua. Ng'ombe wa udongo anafuata. Farasi wa plastiki ni wa tatu, na heshima yake ni ya kweli anapokuwa kazini, akiwa na ndama mbele yake. Akisimama mtupu kabatini anarudi kuwa pambo la kando ya saa. Punda milia wa dukani ni wa mwisho, na lawama yake nimekwisha sema ni ya nani.

Lakini kuna jambo ambalo wakusanyaji wa plastiki wamelifanya na sisi hatujalifanya. Wameandika. Namba ya kalibu inajulikana, mwaka unajulikana, mchongaji ana jina, makosa ya kiwandani yana orodha. Farasi wa 1950 anaweza kujadiliwa leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Zizi la mawe hutawanywa na mguu wa mbuzi wa kweli jioni ileile, na hakuna aliyelichora. Nisingependa mawe hayo yagandishwe nyuma ya kioo, kwani yangekufa kama farasi wa kabatini. Kinachotakiwa ni mashahidi: mtu wa kutazama, kuuliza, kuchora mpango wa zizi, kuandika nani alisahihishwa na kwa nini.

Walimu wa shule za msingi za Oldonyiro, Kipsing na vijiji vya jirani wana nafasi ambayo makumbusho hayana. Mtaala wa umilisi unawataka wafundishe ufinyanzi wa maumbo, na mara nyingi vielelezo vinavyoletwa darasani ni tufaha na kikombe. Waacheni watoto walete mawe. Waacheni wafinyange mtamba, beberu na punda mwenye mzigo, kisha siku ya soko kazi zao zipangwe juu ya turubai karibu na mnada. Waamuzi wako pale tayari, wazee na wanawake waliokuja kuuza mbuzi, nao hawatamhurumia mtu kwa sababu ya rangi nzuri. Mtoto atakayesifiwa na macho hayo atakuwa ameshinda kweli.

Na msomaji wa mjini anayepita kwenye duka la vinyago, kabla hajalipa, na amwulize muuzaji huyu punda milia ni wa wapi. Wengi wakiuliza, mchongaji atakuwa na sababu ya kumpa masikio yake.